Agavi ya nyumbani: chungu, udongo, maji na miiba

Aliyepita njia ya Korogwe na Muheza, au Mwatate na Vipingo kwa upande wa Kenya, anaijua agavi hata kama jina hilo halijawahi kumfikia. Mkonge ni agavi. Ulifika pwani ya Tanga mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika hai 62 tu. Agavi za mapambo zinazouzwa leo kwenye vitalu vya kando ya barabara ni ndugu zake, asili yao Meksiko, na tabia hazipishani sana: zinataka jua, zinataka ardhi isiyotuamisha maji, na kiu zinaivumilia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Agavi ya nyumbani haifi kwa kusahauliwa, inakufa kwa kopo la maji la kila asubuhi.

Ipi ya kununua

Ukubwa ndio uamue, kabla ya rangi. Miche yote hupendeza ikiwa na urefu wa kiganja, na muuzaji hana sababu ya kukuambia ule mmoja utafika wapi.

Agave americana, hasa ile yenye mistari ya njano pembezoni mwa jani, huota majani ya mita moja na nusu au zaidi, yenye mwiba mgumu kwenye ncha na meno kama ndoana pembeni. Kwenye chungu itadumaa kwa miaka michache, lakini mahali pake ni uwanja mpana, mita 2 au zaidi kutoka njia ya watu. Usiipande kando ya mlango wala karibu na mahali pa kuegesha pikipiki.

Agave angustifolia yenye kingo nyeupe ndiyo inayoonekana sana kwenye bustani zetu. Hufika kama mita moja kwa upana na miiba yake ni mikali, ila chungu inakivumilia vizuri.

Agave attenuata haina mwiba hata mmoja. Majani yake ni laini, ya kijani kilichopauka, na mmea hujenga shina kadiri unavyozeeka. Nyumba yenye watoto wadogo inunue hii. Ina mapungufu mawili: jua kali la ghafla huiunguza kirahisi kuliko wenzake, na inahitaji maji mengi kidogo kuliko wao.

Agave victoriae-reginae ni ndogo, upana wake sentimita 30 hivi, na inakua polepole mno. Inafaa meza ya barazani. Bei yake huwa juu kwa sababu mche wa saizi ya ngumi tayari umetunzwa miaka kadhaa.

Hakikisha pia kwamba unachonunua si mshubiri (aloe vera). Kata kipande cha jani la chini: mshubiri hutoa ute mzito usio na nyuzi, agavi huonyesha nyuzi ngumu zinazogoma kukatika. Tofauti hii si ya bustani pekee. Kuna watu hupaka au kunywa utomvu wa agavi wakidhani ni aloe vera, na utomvu huo huwasha vibaya.

Unapochagua mche, shika majani ya katikati kwa vidole viwili, uyatikise taratibu. Yasimame imara. Yakicheza, au ukisikia harufu ya uozo chini, uache hapohapo dukani.

Jua

Agavi inataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi. Ikiwa ndani, iweke dirishani kabisa, na dirisha liwe la mashariki au magharibi. Huku karibu na ikweta jua la adhuhuri hupita juu ya paa, hivyo dirisha la kaskazini au kusini hukaa miezi kadhaa bila kuingiza mwali. Kwa aliye Uingereza au Kanada mambo ni kinyume: dirisha la kusini ndilo lenye jua, na wakati wa baridi mmea ukae chumba chenye nyuzi 5 hadi 10 ukiwa karibu mkavu kabisa, mbali na kipasha joto.

Mche uliokuwa chini ya wavu wa kitalu usiutoe juani siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza upate jua la asubuhi hadi saa nne, wiki ya pili hadi saa sita, kisha uuache. Ukiruka hatua hii, upande wa juu wa majani utapata mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Mabaka hayo hayaponi. Yatakaa hapo hadi jani litakapokauka lenyewe, na kwa agavi hiyo ni miaka.

Chungu

Chungu cha udongo wa kuchomwa ni bora kuliko cha plastiki au cha saruji iliyopakwa rangi, kwa kuwa kuta zake hupitisha hewa na unyevu. Kipana kiasi kuliko kirefu, na kisizidi mizizi kwa zaidi ya sentimita 5 kila upande. Chungu kikubwa kwa mche mdogo hubaki na udongo usiofikiwa na mizizi, na udongo huo hauna wa kuunyonya maji.

Tundu la chini liwe na upana usiopungua sentimita moja na nusu. Likiwa dogo, lipanue kwa drili ya zege, ukilowesha maji na bila kutumia mshindo wa nyundo, la sivyo chungu kitapasuka. Funika tundu kwa kigae au kipande cha wavu wa dirishani ili udongo usitoke.

Watu hupenda kuweka tabaka la kokoto chini kabisa "ili maji yashuke". Halisaidii. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto kubwa. Husimama mpakani hadi udongo wa juu ushibe, kwa hiyo tabaka lile linaupandisha unyevu kuuelekeza kwenye mizizi. Kokoto zichanganywe ndani ya udongo wote.

Sahani chini ya chungu pia haina kazi hapa. Maji yake huozesha mizizi, na mbu wanaoeneza dengi hupenda kutaga kwenye vyombo vidogo vya namna hiyo.

Udongo

Kazi kubwa ni hapa. Udongo ukiwa sahihi, hata mwenye mkono mzito wa maji atasamehewa makosa mengi. Kwa sehemu 10, changanya:

– sehemu 4 za mchanga wa mto, wa chembe kubwa;
– sehemu 3 za kokoto ndogo za milimita 4 hadi 8, au mawe mepesi ya volkano, yale ya jamii ya jiwe la kusugulia miguu, yaliyopondwa kwa saizi hiyo;
– sehemu 2 za udongo wa bustani usio mfinyanzi;
– sehemu 1 ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu.

Mchanga uchekeche kwa wavu wa mbu wa dirishani. Kinachopita ni vumbi linaloziba nafasi za hewa, limwage. Kinachobaki juu ya wavu ndicho unachokitaka. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiuosha: una chumvi, na chembe zake mara nyingi ni ndogo mno. Vumbi la kokoto linalouzwa kwa mafundi wa tofali nalo hugandamana likilowa, kwa hiyo lichekeche au liache.

Mwenye mawe mepesi ya volkano, ambayo wakazi wa Arusha, Moshi au Naivasha hawahangaiki kuyapata, ameokoa nusu ya kazi. Yana vitundu vinavyoshika unyevu kidogo huku hewa ikipita. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanayopatikana tele pwani, yasizidi nusu sehemu. Yakilowa yanashika maji muda mrefu, na yakikauka kabisa yanakataa kulowa tena, maji yakapita pembeni ya chungu na mizizi ikabaki kavu.

Mchanganyiko ujaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu cha lita 5, mwaga lita moja ya maji juu. Maji yazame ndani ya sekunde chache, na yaanze kutoka chini kabla dakika haijaisha. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza kokoto sehemu 2 ujaribu tena.

Kupanda

Vaa glavu za ngozi, si zile za kitambaa, na miwani ya kazi kama aina yako ina miiba. Funga majani kwa kuyazungushia gunia na kamba laini kutoka chini kwenda juu. Toa mche kwenye mfuko wake, kung'uta udongo wa zamani, kata mizizi iliyokauka au iliyo laini na nyeusi. Ukikata mizizi mingi, uache mmea kivulini siku 3 hadi 5 ili majeraha yakauke.

Weka mche ili pale majani yanapoanzia pabaki sentimita 1 hadi 2 juu ya usawa wa udongo. Shingo iliyozikwa huoza. Jaza pembeni, gonga chungu chini mara mbili tatu udongo ukae, kisha tandaza kokoto juu kwa unene wa sentimita moja na nusu, ili majani ya chini yasilale kwenye unyevu. Udongo uwe mkavu wakati wa kupanda, na maji ya kwanza yangoje siku 7.

Maji

Kanuni ni mbili: nyeshea mpaka maji yatiririke kwa tundu la chini, kisha usiguse tena mpaka udongo ukauke hadi chini. Kunyunyizia kikombe kila siku hulowesha juu tu. Mizizi huja juu kutafuta maji, chini hakujulikani kama kumekauka au la, na shingo ya mmea haikauki kamwe.

Kujua kama kumekauka, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, kiache dakika 10, kichomoe. Kikiwa na weusi wa unyevu au chembe zimekigandia, subiri. Baada ya miezi miwili mitatu hutahitaji kijiti, kwani chungu kikavu ni chepesi na mkono huutambua uzito wake.

Kwa chungu cha sentimita 25 kilicho nje, mwendo wa kawaida ni huu. Pwani, kuanzia Desemba hadi masika yaanze, kila siku 7 hadi 10. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, usinyeshee: kazi yako ni kukisogeza chungu upenuni mvua isikifikie kila siku. Kipupwe, Juni hadi Agosti, kila wiki 2 au 3. Nairobi, Iringa na nyanda nyingine za baridi, miezi hiyo hiyo, kila wiki 3 au 4. Agavi ya ndani ya nyumba inyeshewe nusu ya mara hizo. Attenuata inyeshee mapema kidogo, udongo ukiwa umekauka robo tatu.

Mwaga maji kwenye udongo, si katikati ya majani. Maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani huozesha kitovu cha mmea, na mbu nao hupata mazalia.

Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wengi hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Dalili yake ni utando mweupe kwenye kuta za chungu na ncha za majani zinazokauka huku udongo una unyevu. Kila baada ya miezi 2 au 3, suuza udongo kwa maji ya mvua au ya bomba: mimina kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote chini. Kinga maji ya mvua ya masika kwenye pipa lenye mfuniko, yatakufaa kwa kazi hii.

Mbolea

Kidogo sana. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha NPK 17:17:17 kwenye lita 5 za maji, mara mbili kwa mwaka, udongo ukiwa tayari na unyevu. Urea na CAN ziache kwa mahindi. Naitrojeni nyingi hutoa majani marefu, mateketeke, yanayovunjika na kupendwa na wadudu.

Kusoma majani

Majani ya chini yakikauka moja moja, yakawa kahawia na magumu, mmea ni mzima. Yakate karibu na shina.

Majani ya chini yakiwa ya njano, laini, yakiminywa yanatoa maji, mizizi inaoza. Toa mmea chunguni siku hiyohiyo. Kata sehemu iliyooza kwa kisu kilichopanguswa spiriti, endelea kukata mpaka uone nyama nyeupe safi isiyo na doa, pangusa kisu kila baada ya mkato. Paka dawa ya ukungu yenye shaba, anika kivulini, penye hewa, siku 7 hadi 14, kisha panda kwenye udongo mpya. Ule wa zamani usiurudishe.

Majani yaliyojikunja kwa ndani na kufanya mikunyanzi ni kiu ya kweli. Nyeshea, yatajaa ndani ya siku chache. Yasipojaa, na udongo una unyevu, basi mizizi imeshakufa: rudi aya iliyotangulia.

Majani mapya yakiwa marefu, membamba, yamelala upande mmoja, ni ukosefu wa jua. Yaliyokwisha kurefuka hayafupiki.

Kuna alama moja inayowatisha bure wanaoanza. Jani likichomoza, juu ya ngozi yake huonekana mchoro hafifu wa meno, mstari wa ndoana ndogo unaofuata ukingo wa jani jingine. Siyo ugonjwa wala mikwaruzo. Majani ya agavi hukua yakiwa yamebanana kwa nguvu katikati, na kila moja huacha chapa ya meno yake kwenye mgongo au kifua cha jirani yake kabla hayajaachana. Kwenye aina za kijivujivu chapa hii ndiyo uzuri wenyewe. Usiisugue. Ule unga mweupe juu ya jani nao ni nta inayopunguza ukali wa jua na upotevu wa maji, na ukiufuta kwa kitambaa haurudi kwenye jani hilo.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye utando mweupe, hujificha chini ya majani na shingoni. Wakiwa wachache, waguse kwa pamba yenye spiriti. Wakizidi, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku 7, mara tatu, kwani mayai hayafi kwa mara moja.

Adui mkubwa ni fukusi wa mkonge, mweusi, mwenye pua ndefu iliyopinda, urefu wake kama sentimita moja hadi moja na nusu. Jike hutoboa chini ya majani na kutaga. Funza wake, weupe wasio na miguu, hula moyo wa mmea kutoka ndani, na vijidudu vya uozo huingia kupitia majeraha hayo. Kwa nje hutaona kitu hadi siku majani yote yatakapolala na kitovu kung'oka kwa kuvutwa kidogo. Mmea uliofika hapo hauokoki. Ung'oe na mizizi, pasua shina uwatafute funza, uchome moto, na usipande agavi nyingine kwenye udongo huo. Walio na mimea mikubwa ya thamani hutumia dawa yenye imidakloprid kwenye udongo kama kinga, kwa kipimo cha kwenye lebo. Usiitumie kwenye mmea unaotaka kuchanua, kwa sababu huua nyuki.

Utomvu na miiba

Utomvu una fuwele za sindano ndogo sana za kalsiamu oksaleti, ndiyo maana ngozi huwaka na kutoa vipele. Ukirukiwa, osha kwa maji mengi na sabuni bila kukwangua. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 na uende hospitali. Usikate agavi kwa mashine ya kufyekea nyasi, kwani hurusha utomvu pande zote.

Miiba ya ncha iliyo usawa wa macho ya mtoto ipunguze kwa mkasi wa kucha: toa milimita 3 au 4 za sehemu nyeusi ngumu pekee. Ukifika kwenye kijani, ncha itakauka kurudi ndani.

Machipukizi

Usihangaike kuchomeka jani: jani la agavi halioti mizizi. Miche hutoka kwenye machipukizi yanayojitokeza kando ya mama. Subiri yafike sentimita 10 hadi 15 na kuwa na majani 4 au 5. Wakati wa kiangazi, fukua pembeni, ufuate mzizi mnene unaoliunganisha na mama, ukate kwa kisu safi. Acha kidonda kikauke kivulini siku 3 hadi 7, panda kwenye mchanganyiko uleule, nyeshea baada ya wiki. Likivutwa taratibu baada ya wiki 4 hadi 6 likagoma, limeshika.

Attenuata iliyorefuka shina hadi haipendezi, kata kichwa kikiwa na sentimita 10 za shina, anika wiki moja au mbili, panda. Kisiki usikitupe: huchipua vichwa vipya.

Ikichanua

Baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10 kwa aina kubwa, katikati patachomoza mlingoti unaorefuka haraka, ule wa mkonge ukifika mita 5 au 6. Mlingoti ukianza, duara lile la majani limefika mwisho, na kuukata mlingoti hakuliokoi. Aina zenye machipukizi huendelea kupitia hayo. Baadhi, mkonge ukiwemo, hujaza pia vijimche juu ya mlingoti baada ya maua kudondoka. Viache mpaka vifike sentimita 6 hadi 10 na kuanza kuonyesha vivimbe vya mizizi, vinatoka kwa kuguswa tu. Vipange kwenye trei ya mchanga na mboji nusu kwa nusu, umbali wa sentimita 10, bila kuvizika zaidi ya sentimita moja na nusu, chini ya kivuli chepesi kwa miezi 2. Mlingoti wenyewe uukate kwa msumeno ukishakauka, ukiwa na mtu wa pili wa kuushika, maana juu ni mzito kuliko unavyodhani.